Mwalimu wa Hesabu Aliyetunga Ngano ya Elisi

Mkongani, juu ya vilima vya Shimba nyuma ya mji wa Kwale, hakuna mtoto anayehitaji kuelezwa sungura ni nani. Amemjua tangu alipokuwa akilala mapajani mwa nyanya yake. Ni yule mjanja anayemtia fisi taabuni kisha akaketi kando kumcheka, na anayemghilibu ndovu kwa maneno matupu. Na msitu wenyewe uko pale pale karibu, na ndovu wenyewe wamo ndani yake. Kwa hivyo mtu wa Mkongani akiambiwa kwamba mojawapo ya ngano mashuhuri kabisa za watoto wa Kiingereza inaanza kwa sungura anayepita mbio huku akizungumza peke yake, hatashangaa. Labda atashangaa akiambiwa ni nani aliyeitunga. Hakuwa bibi kizee aliyezungukwa na wajukuu jikoni. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwenye kigugumizi na sikio moja lisilosikia, aliyeishi karibu nusu karne katika vyumba vya chuo kimoja, asioe wala asizae.

Jina lake la kuzaliwa ni Charles Lutwidge Dodgson. Ulimwengu unamjua kwa jina la Lewis Carroll. Kitabu chake kilitoka mwaka 1865, na wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Wengi ambao hawajakishika kitabu hicho wameiona sinema yake, au wamewaona watoto wao wakiitazama.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Binti mdogo ameketi ukingoni mwa mto, amechoka kwa kukaa bure. Mara anapita sungura mweupe aliyevaa kizibao, anatoa saa mfukoni na kulalamika kuwa amechelewa. Binti anamfuata, anatumbukia shimoni, na anaanguka mpaka katika nchi ambayo mambo yote yamepinduka. Akinywa hiki anakuwa mdogo kama kidole, akila kile anarefuka hata kichwa kinagonga dari. Anamkuta kiwavi anayevuta kiko cha maji, paka anayetoweka kidogo kidogo hata likabaki tabasamu lake peke yake, mshona kofia ambaye chai yake haiishi, na jeshi la karata ambalo Malkia wake wa Kopa hajui hukumu nyingine ila ya kukata vichwa. Mwishoni binti anaamka. Kumbe ilikuwa ndoto.

Dodgson alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury, mkoa wa Cheshire, Uingereza. Babake alikuwa kasisi, naye alikuwa mtoto wa tatu, na wa kwanza wa kiume, katika nyumba ya watoto 11. Mwaka 1843 jamaa hiyo ilihamia Croft, kaskazini mwa nchi. Nyumba yenye watoto wengi namna hiyo humhitaji mtu wa kuwachangamsha, na kazi hiyo ilimwangukia yeye. Aliwatungia ndugu zake mashairi ya kuchekesha, akawafanyia michezo ya vikaragosi, na akawaandikia kwa mkono magazeti ya kusomwa nyumbani. Kigugumizi kilimsumbua tangu utotoni, na ndugu zake kadhaa walikuwa nacho pia. Lakini mwenye kukwama ulimini huenda akapata ufasaha wake kwenye kalamu, na ndivyo ilivyokuwa kwake.

Shule ya bweni ya Rugby, alikokaa tangu 1846 hadi 1849, hakuipenda hata kidogo. Januari 1851 alianza masomo katika chuo cha Christ Church, Oxford. Hakukaa huko ila siku mbili tu akaletewa habari kwamba mamake amefariki. Alirudi nyumbani kuzika, kisha akarejea chuoni, na tangu hapo makao yake yakawa Christ Church mpaka mwisho wa umri wake. Mwaka 1854 alifuzu hesabu kwa daraja la kwanza, na mwaka uliofuata akapewa kazi ya kufundisha hesabu hapo hapo chuoni, kazi aliyoishika mpaka 1881. Alifundisha jiometria na aljebra, ilmu ambayo hata jina lake Wazungu walilichukua kutoka kitabu cha Kiarabu cha Al-Khwarizmi wa Baghdad. Inasemekana wanafunzi waliyaona masomo yake kuwa makavu. Mwaka 1861 aliwekwa kuwa shemasi wa kanisa lake, lakini hakupanda kufikia daraja la ukasisi, na kigugumizi hutajwa miongoni mwa sababu.

Jina la Lewis Carroll alijipa mwaka 1856, alipoanza kutoa mashairi katika gazeti moja la London. Alilitengeneza kama mtu anayefumua nguo na kuishona upya. Alichukua majina yake mawili, Charles na Lutwidge, akayatia katika Kilatini, akayarudisha katika Kiingereza kwa sura nyingine, kisha akayapindua, la nyuma likawa mbele. Dodgson akabaki mwalimu wa hesabu, na Carroll akawa mtu wa mzaha. Hakupenda wawili hao wachanganywe, na barua zilizokuja chuoni kwa jina la Carroll mara nyingine alizirudisha.

Mwaka huo huo wa 1856 alinunua kamera, wakati upigaji picha ulikuwa bado kazi ya vioo na dawa za maji, na akawa mmoja wa wapiga picha hodari wa zama zake. Kamera hiyo ndiyo iliyomkutanisha na watoto wa mkuu mpya wa chuo, Henry Liddell, mwanachuoni wa Kiyunani. Liddell alikuwa na mabinti, na wa pili wao aliitwa Alice. Alikuwa msichana mwenye nywele nyeusi zilizokatwa fupi, zenye kuangukia kipajini.

Siku iliyomtoa Dodgson katika usahaulifu ni tarehe 4 Julai 1862. Yeye na rafiki yake Robinson Duckworth waliwachukua mabinti watatu wa Liddell katika mashua ya makasia: Lorina wa miaka 13, Alice wa miaka 10, na Edith wa miaka 8. Walipanda mto Thames kutoka Oxford mpaka kijiji cha Godstow. Watoto walitaka hadithi, kama watoto wote watakavyo safari ikiwa ndefu. Dodgson akaanza, bila kujua anakokwenda, akamtumbukiza msichana aitwaye Alice katika shimo la sungura kisha akatafuta njia ya kumtoa. Hadithi nyingi alikwisha kuwasimulia kabla ya hiyo, zote zikaenda na upepo. Tofauti ya siku hiyo ni kwamba Alice aliomba hadithi yake iandikwe.

Maneno ya mdomo yakageuka daftari. Dodgson aliandika kwa mkono, kwa hati nzuri, akachora picha 37 yeye mwenyewe, na Novemba 1864 akampa Alice daftari hilo kuwa zawadi. Kabla ya hapo alikuwa amelionyesha nyumbani kwa rafiki yake, mwandishi George MacDonald. Watoto wa nyumba hiyo walisomewa, wakalipenda, na wazazi wakamhimiza alichapishe. Alikubali, akairefusha hadithi karibu maradufu, akatia paka wa tabasamu na karamu ya chai, mambo ambayo hayakuwemo katika daftari la kwanza. Kazi ya picha alimpa John Tenniel, mchoraji mashuhuri wa London, aliyechora picha 42.

Kampuni ya Macmillan ilikubali kukitoa kitabu, lakini gharama alibeba Dodgson mwenyewe. Mwaka 1865 nakala 2,000 zilipigwa chapa, naye Tenniel akasema picha zake hazikutokea vizuri. Mwalimu huyu, ambaye mshahara wake haukuwa wa kujivunia, aliamuru kitabu kirudishwe na kichapwe upya. Waliokwisha kupewa aliwaomba wavirudishe, akavipeleka hospitalini kwa watoto wagonjwa. Chapa ya pili ilipotoka mwishoni mwa mwaka huo, ilikwenda mbio sokoni. Mwaka 1871 alifuatisha kitabu cha pili, ambamo Alice anapita ndani ya kioo na kuingia katika nchi iliyopangwa kama ubao wa sataranji.

Mtu atauliza, mwalimu wa hesabu na mzaha wapi na wapi? Jibu lake wasomaji wa Pwani wanalo katika visa vya Abunuwasi. Abunuwasi hamshindi sultani kwa upanga. Humshinda kwa kulichukua neno la sultani vile vile lilivyo na kulifuata mpaka linamrudia mwenyewe. Ndivyo wanavyosema wakazi wa nchi ya Elisi. Kila mmoja anahoji kwa mantiki iliyonyooka, ila amesimama mahali pasipostahili, na mwisho wake ni kichekesho. Ni mtu anayejua kunyoosha hoja tu ndiye anayejua mahali pa kuipinda. Dodgson aliandika pia vitabu vya hesabu na mantiki kwa jina lake halisi. Kuna uvumi kwamba Malkia Victoria aliipenda sana hadithi ya Alice, akaagiza aletewe kitabu kitakachofuata, naye akaletewa kitabu cha hesabu. Dodgson aliukanusha kwa maandishi, lakini uvumi mzuri haufi upesi.

Maisha yake hayakuwa ya raha tupu. Juni 1863, kabla hata daftari halijamalizwa, urafiki wake na nyumba ya Liddell uliingia ufa. Kurasa za siku hizo katika kumbukumbu alizokuwa akiandika zilikatwa, na baadhi ya madaftari yake yamepotea kabisa. Hatimaye alialikwa tena, lakini mambo hayakurudi yalivyokuwa. Picha alizowapiga watoto na urafiki wake mwingi na watoto wa kike umewatia shaka baadhi ya wasomi wa zama zetu. Wengine humtetea kwa kusema kwamba mila za wakati huo zilikuwa nyingine. Mwenye kusimulia maisha ya mtu ni wajibu wake kulitaja jambo hilo, kisha hukumu aiache kwa Mjuzi wa siri.

Nje ya Uingereza alisafiri mara moja tu. Mwaka 1867 yeye na rafiki yake Henry Liddon walipita Ujerumani mpaka Urusi. Huko Nizhny Novgorod, mji wa soko kubwa kando ya mto Volga, alifika kwenye msikiti wa Watatari wakati ule ule mwadhini alipokuwa akitoka juu ya paa kuadhini. Aliliandika jambo hilo katika kumbukumbu za safari yake, kwani sauti hiyo hakuwa amepata kuisikia kwao. Alirudi Oxford, na hakutoka tena.

Alikuwa mtu wa mpango katika kila jambo. Tangu 1861 aliweka daftari la barua alizoandika na alizopokea, kila moja na nambari yake, na alipokufa hesabu ilikuwa imefika 98,721. Barua nyingi zilikwenda kwa watoto, zimejaa mafumbo. Babake alipofariki mwaka 1868, Dodgson aliwapangishia dada zake nyumba katika mji wa Guildford, naye akawa anakwenda huko kila sikukuu. Katika nyumba hiyo alipatwa na mafua yaliyoingia mapafuni, akafariki tarehe 14 Januari 1898, zimebaki siku 13 atimize miaka 66. Kaburi lake liko huko Guildford.

Na Alice je? Aliolewa, akazaa watoto watatu wa kiume, na wawili kati yao wakauawa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mumewe alipofariki, gharama za nyumba zikamwelemea. Mwaka 1928 alilitoa lile daftari la zawadi mnadani, likanunuliwa na mfanyabiashara wa vitabu kutoka Marekani kwa pauni 15,400. Kilichokuwa zawadi kwa mtoto wa miaka 12 kikamwokoa mama mjane wa miaka 75. Alifariki mwaka 1934. Mwaka 1948 Wamarekani waliokuwa wamelinunua tena daftari hilo kwa mchango walilirudisha London bure, kama shukrani kwa Waingereza kwa walivyosimama katika Vita Vikuu vya Pili.

Sinema haikuchelewa. Dodgson mwenyewe aliona hadithi yake ikichezwa jukwaani London mwaka 1886. Miaka mitano tu baada ya kifo chake, mwaka 1903, Cecil Hepworth na Percy Stow waliitengenezea filamu bila sauti, ya dakika 12 hivi. Leo dakika 12 ni kama kufumba na kufumbua, lakini wakati huo hapakuwa na filamu ndefu zaidi iliyotengenezwa Uingereza. Hepworth na mkewe walicheza wenyewe, na hata paka na mbwa wa nyumbani wakatiwa humo. Mwaka 1933 kampuni ya Paramount ya Marekani iliwakusanya wachezaji wake wakubwa, akina Gary Cooper na Cary Grant, kisha ikawafunika wengi wao nyuso kwa barakoa nzito. Watu waliolipa kuwaona nyota hawakuwaona, na filamu haikupata soko.

Ile inayojulikana na watoto wa leo ni ya michoro, aliyoitoa Walt Disney mwaka 1951. Nayo haikupokewa vizuri mwanzoni, lakini baada ya miaka mingi ikawapata wapenzi wake. Mwaka 1966 televisheni ya BBC ilitoa filamu isiyo na wanyama wa bandia, na muziki wake ukapigwa na Mhindi mashuhuri Ravi Shankar. Mwaka 2010 Tim Burton alimtoa Alice akiwa mwanamwali wa miaka 19, na filamu hiyo ikachuma zaidi ya dola bilioni moja.

Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa. Kwa nguvu ya filamu ya 1951, Alice amekwisha kupewa sura moja duniani kote: nywele za rangi ya dhahabu na gauni la buluu. Mtoto wa Diani na mtoto wa Mkongani, akiambiwa Alice, huona sura hiyo. Hali Alice wa mashuani alikuwa na nywele nyeusi! Tenniel hakumchora yeye. Alichora mtoto mwingine, na Disney akafuata mchoro. Tangu mwanzo, basi, msichana wa shimoni hakuwa na sura iliyofungwa. Kila aliyeichukua hadithi alimpa sura ya mtoto aliyemtaka.

Hilo ndilo lililofanywa na Kiswahili mwaka 1940. Tafsiri ya kwanza ilitolewa na Sheldon Press ya London, na mfasiri wake, bibi wa Kiingereza, alijiita St Lo de Malet. Ulikuwa wakati ambao vitabu vingi vya Kizungu vilikuwa vikitiwa katika Kiswahili, kama Kisiwa chenye Hazina na Hadithi za Maugli. Picha za Tenniel ziligeuzwa, na Elisi akachorwa kuwa msichana wa Kiafrika. Lugha yake ilikuwa Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, mjini mwa Kimvita chenyewe. Mwaka 2015, kitabu kilipotimiza miaka 150, ilitoka tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ya Bi Ida Hadjivayanis, Mzanzibari mwalimu wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha London, ambaye baadaye alitafsiri pia riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Peponi. Mwaka huo wa 2015 wataalamu walihesabu lugha 174 zilizokipokea kitabu cha Dodgson.

Kazi ya kukitafsiri si ya mchezo, maana mzaha wake umo katika sauti za maneno. Katika Kiingereza, neno la kisa na neno la mkia hutamkwa sawa, kwa hiyo panya anapotoa kisa chake binti anaangalia mkia. Kwetu kisa na mkia havikutani. Lakini kwetu yako mapaa: paa mnyama, paa la nyumba, na kupaa kwa ndege. Mfasiri hodari huacha mzaha wa mwenyewe akatafuta wa kwao. Tena yako yanayohitaji moyo mpana, kama mtoto mchanga anayegeuka nguruwe mikononi mwa Elisi. Msomaji wa Pwani atasema astaghfirullah, kisha atafunua ukurasa aone kilichofuata.

Ukiyapima maisha ya Dodgson, utaona kwamba usimulizi si kitu kilichomtofautisha na wengine. Wasimulizi wa kumzidi wako, na baadhi yao wamo Mkongani hivi sasa, wakisimulia kwa Kidigo na Kiswahili bila kigugumizi. Kilichomtofautisha ni kwamba mtoto alimwomba aandike, naye akakubali kukesha. Kutoka ombi hilo moja zimetoka lugha 174 na filamu za kila zama.

Ngano za sungura wa vilima vya Shimba nazo husemwa jioni, zikaisha jioni. Kila nyanya anayezikwa huondoka na zake. Mtoto anayemtazama Alice wa gauni la buluu katika simu ya babake hana kosa, maana hiyo ndiyo ngano iliyoandikwa, ikapigwa picha, ikamfikia. Ile ya nyanya haijamfikia kwa njia hiyo, kwa sababu hakuna aliyenunua daftari. Daftari la kurasa 200 linapatikana duka lolote la Kwale, na kalamu yake pia. Kinachobaki ni mtoto kuomba, na mkubwa kukaa chini aandike kabla jambo halijapita.